Mghoi Aongezewe Nini?

Pale Kaloleni, Voi, benchi la Alwi muuza kahawa lina watu wanaojua kila kitu isipokuwa kunyamaza. Mimi ni mmoja wao, sijitoi. Asubuhi hiyo Sylus wa bodaboda, tunayemwita Breki kwa kuwa hana, alikuja amekunja uso. Mkewe Abby amejifungua msichana, na desturi iko wazi: mtoto apewe jina la nyanyake mzaa baba. Nyanya ni Mghoi wa Sagalla, na tayari alikuwa njiani kuja kumbeba mjukuu na kumwita jina hilo mbele ya watu. Abby naye hataki Mghoi tupu. Anataka liongezwe kitu mwishoni, liwe la kisasa.

— Nisaidieni kitu ya kubandika hapo nyuma, Breki akasema. Mathe anafika saa hii.

— Hiyo ni rahisi, akasema Kimanzi, au Mondiali, maana elimu yake yote ni ya mpira. Weka -inho. Mghoinho! Brazil wanapea mtu anajua chenga.

— Si chenga, bwana, Alwi akasema huku akimimina. Hicho ni Kireno, maana yake mdogo.

— Na akizeeka? Breki akauliza.

— Atakirudisha kwa wenyewe, Alwi akajibu.

Hillary akakohoa. Huyu tunamwita Wakili. Aliwahi kuwa shahidi kortini.

— Chukua -son, ya Wazungu wa huko kwa baridi. Ni mtoto wa fulani. Mghoison.

— Si son ni kijana? Wangu ni msichana!

— Na Alison je? Shemeji yangu ni Alison, na amezaa.

Hapo hata mimi nikachanganyikiwa.

— Basi Warusi, Mondiali akadakia. Wanawake wao ni -ova. Mghoiova.

— Hiyo humaanisha binti wa, ama mke wa, Wakili akasema.

— Ati mtoto wangu awe bibi ya nyanyake?

— Si sisi pia tuna -ni? nikaropoka. Mghoini.

— Hapo ni mahali, ndugu yangu, kama sokoni, Alwi akacheka. Watu watauliza nauli.

Breki akajishika kichwa.

— Nyinyi mnacheka. Mathe amengoja mtu wa kubeba hilo jina tangu nioe.

Ndipo tukagundua mama mmoja amesimama nyuma ya benchi, leso mpya begani, kikapu cha njugu mkononi. Pikipiki iliyomleta ilishaondoka. Sijui alikuwa amesikia kuanzia wapi.

— Hamjambo, wanangu.

— Hatujambo, mama. Shikamoo.

— Marahaba. Sylus, jina langu limepungukiwa na nini?

Mondiali akaangalia viatu vyake. Wakili akanyoosha kikombe aongezewe, Alwi akainamisha dele lake la kahawa, likatoa mashapo tu. Nilimwonea Breki huruma, na nikajionea haya mimi mwenyewe. Breki akakipokea kile kikapu bila kumtazama mamake usoni.

Mama Mghoi akaikunjua leso yake, akaikunja tena vizuri, akangoja ajibiwe.