Sufuria Ifike Ingali Moto: Historia ya Marehemu Kocha Alcée Fontenette

Padri Delahoussaye, Mama yetu Earline, ndugu, majirani wa Prairie Basile, na ninyi mliokuja na kofia za timu mkazificha chini ya mabenchi mkidhani hatujaziona, familia imempa Bernadette, mtoto wa tatu wa marehemu, kazi ya kusoma historia hii, kwa sababu kaka yake Anatole alijaribu jana sebuleni, akafika kwenye tarehe ya kuzaliwa, akaikunja karatasi. Msomaji anaomba mmvumilie akisoma na mkoba kwapani, maana ana sababu yake, nayo mtaisikia kabla hajashuka hapa.

Marehemu Alcée Joseph Fontenette alizaliwa siku ya Jumapili, tarehe 14 Machi 1948, hapa hapa Prairie Basile, wilaya ya St. Landry, jimbo la Louisiana, akiwa mtoto wa sita kati ya watoto tisa wa mzee Ulysse Fontenette, aliyelima viazi vitamu katika shamba la mtu mwingine, na mkewe Bi. Philomène. Mkunga alikwama kwenye matope, hivyo bibi yake ndiye aliyempokea, akasema huyu kaja amekunja ngumi, akishika kitu hakiachii, na wengi mliomo humu kanisani mnajua kwamba bibi hakukosea.

Mwaka 1954 alianza shule ya msingi ya masista, akiikosa kila Oktoba kwa ajili ya mavuno ya viazi, na bado akawa wa kwanza katika hesabu. Mwezi Agosti 1963, akiwa na miaka kumi na mitano, alimsindikiza hadi kituo cha basi kaka yake mkubwa Ferdinand, mkimbiaji wa futiboli, ule mchezo wa Kimarekani wa kukimbia na mpira mkononi, ambaye wazee wanasema hajatokea mwingine, aliyekuwa anakwenda kucheza chuoni Iowa, kwa kuwa miaka ile vyuo vikubwa vya jimbo letu vya futiboli havikumweka mtoto mweusi uwanjani hata angekuwa na mbawa. Katika miaka minne Bi. Philomène hakumwona mwanawe akicheza hata mara moja, alitumiwa picha zilizokatwa gazetini, akazihifadhi ndani ya Biblia, na siku moja, akiwa anapepeta mchele, alisema, "Nilizaa mtoto, nimerudishiwa gazeti." Ferdinand alioa huko, akafa huko, akazikwa huko kwenye theluji, na Bi. Philomène alifariki tarehe 8 Novemba 1969 akiwa hajapanda basi lolote kwenda kaskazini. Marehemu aliyasikia maneno yale ya mama yake akiwa mlangoni, na kila alichofanya baadaye kilianzia mlangoni pale.

Alimaliza sekondari Mei 1966, akaitwa na chuo kimoja cha Kansas, akakataa kwa sababu mgongo wa baba yake ulikuwa umeharibika, akasoma ualimu wa hesabu katika chuo cha watu weusi cha jimbo hili hili na kuichezea timu yake hadi alipohitimu mwaka 1970. Mwaka huo huo alianza kufundisha hesabu na futiboli katika sekondari ya hapa Prairie Basile, na tarehe 12 Juni 1971, siku ya Jumamosi, alifunga ndoa katika kanisa hili na Bi. Earline Rideau, wakajaliwa watoto watatu, Anatole mwaka 1972, Claudette mwaka 1974, na Bernadette mwaka 1976, na wajukuu saba, mmoja wao akiwa Julien Malveaux, mtoto wa Bernadette, ambaye tunaomba msimgeukie kumtazama kwa sasa.

Mwaka 1986 chuo kikuu cha jimbo, ambacho sasa kilikuwa kinawataka sana watoto ambao zamani kiliwakataa, kilimwajiri Kocha apite nyumba kwa nyumba katika wilaya hizi kuwashawishi vijana wenye vipaji wabaki kucheza nyumbani, wasichukuliwe na watu wa mbali, na kazi hiyo aliifanya kwa miaka ishirini na minne, hadi tarehe 30 Juni 2010, akabakiza vijana mia moja na kumi na wawili. Wenzake wa vyuo vingine walikuja na suti na filamu za viwanja vinavyowaka taa, yeye alikuja na kipimo kimoja tu, kwamba ikiwa mama atapika gumbo, ule mchuzi wetu mzito wa bamia na soseji, Jumamosi asubuhi, siku ya mechi, akaifunika sufuria kwa taulo mbili, akaiweka kwenye kiti cha gari, na ikafika kwa mwanawe ingali moto, basi mtoto huyo hajaondoka nyumbani. Wala hakubahatisha, alijaribu mwenyewe, akijaza sufuria za Mama Earline na kuendesha gari kutoka kila kona ya wilaya hadi mlango wa uwanja wa chuo kule Baton Rouge, akifika anatia kidole. Mama Earline aliwahi kumwambia mbele ya wageni, "Gumbo yangu imetembea jimbo zima, mimi mwenyewe sijafika hata Baton Rouge," naye akacheka, na Jumamosi iliyofuata akampeleka.

Akiingia katika nyumba ya kijana, Kocha hakukaa sebuleni, alipitiliza jikoni kwa mama, akafunua kilichopo jikoni, akala, akasifia, kisha akasema methali yake, fimbo ya mbali haiui nyoka, na mama wengi walishakata shauri kabla hajamaliza sahani. Tunaisema njia hii kwa fahari, kwa kuwa imewapa akina mama wa hapa Jumamosi nyingi za furaha, na tunalazimika kuisema pia kwa uchungu, kwa kuwa ndivyo alivyoingia nyumbani kwa jirani yetu Bi. Odile Chevis mwezi Januari 1997.

Mtoto wa Bi. Odile, Desmond, alikuwa na miaka kumi na minane, na moyo wake ulikuwa umekwenda kwenye chuo cha Oregon kilichomwahidi kucheza tangu mwaka wa kwanza. Kocha alipita sebuleni, akamgusa Desmond begani, akaenda jikoni, akala sahani mbili, akamwambia mama, "Odile, ukimruhusu huyu aende, jiandae kununua televisheni kubwa, maana humo ndimo utakamomwona." Siku ya kofia ilipofika, yaani Jumatano ya kwanza ya Februari, ambapo kijana huketi mezani mbele ya ndugu na kamera, kofia za vyuo zimepangwa mbele yake, akachukua moja akaivaa, na kwa kuivaa tu akawa ameamua miaka minne ya maisha yake, Desmond alivaa kofia aliyochaguliwa na mama yake. Mwaka uliofuata chuo kilibadili mwalimu wa timu, huyo mpya akaja na watu wake, na Desmond akakaa benchi misimu mitatu, mama yake akimletea gumbo ya moto kila Jumamosi, naye akiila akiwa na jezi isiyo na tone la jasho. Alirudi hapa akafungua karakana ya matairi, na kwa miaka kumi na minne hakuitikia salamu ya Kocha, na Kocha naye, akipata pancha, alikuwa radhi zaidi kusukuma gari hadi mji wa Opelousas kuliko kusimama mbele ya karakana ile.

Marehemu alianza kuumwa tumbo Agosti 2013, akasema ni bamia, mwezi Septemba akasema ni uzee, na tarehe 3 Oktoba madaktari wa Lafayette wakasema ni saratani ya kongosho. Ni majira hayo hayo ambapo mjukuu wake Julien alikuwa anakimbia na mpira kiasi kwamba watu walikuja kutoka majimbo ambayo hatukujua kama yana timu, na kufikia Krismasi zilibaki kofia mbili, ya chuo chetu, na ya chuo kimoja cha Indiana kilichoko mwendo wa saa kumi na nne. Tangu hapo nyumba haikutulia, kinyozi alimwuliza Julien atavaa ipi, muuza petroli alimwuliza, duka la soseji liliandika ubaoni BAKI NYUMBANI JULIEN kwa herufi nyekundu, Padri mwenyewe, tusamehe, alimwuliza baada ya kitubio, na kijana akaanza kula akiwa amesimama ili apate kuondoka upesi. Sote tulikuwa roho juu, tukiogopa jambo moja, kwamba Kocha atatoa neno la mwisho kitandani, na neno la mtu anayekufa hakuna mjukuu anayeweza kulikataa.

Msomaji anaogopa kusema uongo katika nyumba hii ya Mungu, yeye hakuogopa jambo hilo, yeye aliliomba. Bernadette alimtaka baba yake aseme, alimtengenezea nafasi, alimnong'oneza, "Baba, mwambie tu abaki, wewe atakusikia," kwa kuwa ana mtoto mmoja tu wa kiume, na Biblia yenye picha za gazeti iko kabatini mwake.

Badala yake, tarehe 12 Januari 2014, marehemu aliagiza aitwe Desmond Chevis. Alikuja na nguo za kazi, hakukaa, akatazama gurudumu la kitanda cha mgonjwa lililokuwa linalegea, akapiga goti akaanza kulikaza, na Kocha akamwuliza akiwa bado chini, "Desmond, nilikosea kukubakiza?" Desmond akajibu bila kuinua kichwa, "Kubaki si kosa, Kocha. Wengi wamebaki wakanawiri. Ila siku ile ulinipita sebuleni kama kiti, ukaenda kuongea na sufuria." Kocha, kwa mazoea, akaanza ile methali yake ya fimbo ya mbali, na Desmond akamkatiza, "Na ya karibu ikisimamishwa nyuma ya mlango miaka mitatu, inaua nini?" Marehemu akasema, "Haiui kitu, mwanangu. Nisamehe." Desmond alimaliza gurudumu, akaosha mikono, akabaki hadi jioni, na tangu siku ile alikuja kila siku kumgeuza kitandani, na ni mmoja wa watu sita waliobeba jeneza leo.

Jumapili, tarehe 26 Januari, Kocha alimwita Julien, akaagiza sisi wote tutoke, wakakaa wawili kwa dakika arobaini, na Julien alipotoka macho yalikuwa mekundu, akakataa kusema waliyozungumza, ila hili, "Babu aliniuliza." Bernadette aliingia mara moja, akapiga magoti, akauliza, "Umemwambia abaki?" Baba yake akatikisa kichwa. Bernadette akamwambia kwamba Indiana ni mbali, kwamba hakuna sufuria duniani itakayofika ingali moto baada ya saa kumi na nne, kwamba yeye mwenyewe ndiye aliyetufundisha kipimo hicho. Marehemu alimtazama kwa jicho lile la mwalimu wa hesabu anayesubiri jibu jepesi, akasema, "Bernadette, kwani huko hawana majiko?"

Hayo yalikuwa maneno yake ya mwisho yaliyosikika vizuri, na kesho yake, Jumatatu tarehe 27 Januari 2014, saa nne na dakika kumi asubuhi, akiwa nyumbani, mkewe akiwa amemshika mkono, aliaga dunia akiwa na umri wa miaka sitini na mitano.

Siku tano zimepita na Bernadette hajamwambia mtu maneno hayo. Na siku ya Jumanne, nyumba ilipojaa watu, ile kofia ya Indiana iliyokuwa juu ya meza karibu na picha ya harusi ilipotea, watoto wakalaumiwa, Anatole akamlaumu mbwa, Mama Earline alitafuta hadi chini ya jokofu, na Julien hakumwuliza mtu yeyote, alitazama tu mahali ilipokuwa, akaenda kukaa kwenye gari. Kofia hiyo imo ndani ya mkoba wa msomaji, imekuwamo tangu Jumanne, na msomaji amekuwa akitembea nayo kwapani huku akipokea pole zenu. Alimpita mwanawe sebuleni, na hakuna namna nyingine ya kulisema.

Anaitoa sasa, kama mnavyoona, na anaiweka hapa kwenye benchi la mbele, kando ya ile ya chuo chetu iliyokwishawekwa hapo. Siku ya kofia ni Jumatano ijayo, zimebaki siku nne, na familia inawaomba kwa heshima ya marehemu kwamba asiwepo mtu wa kumwuliza Julien kitu huko ukumbini zaidi ya kama ameshiba. Tunamkaribisha pia mwakilishi wa chuo chetu aliyekaa benchi la tatu na shada lenye umbo la mpira, ni zuri sana, ahsante, chakula kitatolewa ukumbini, jikoni hakuna nafasi.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa Lafayette, muuguzi Bi. Thérèse aliyekuja nyumbani hata barabara ilipojaa maji, Padri Delahoussaye, walimu na wachezaji wa sekondari ya Prairie Basile, wale vijana mia moja na kumi na wawili pamoja na mama zao, majirani waliotuletea chakula hadi tukakosa vifuniko, Bi. Odile Chevis aliyefua mashuka bila kuombwa, na Desmond, ambaye hatuna neno la kumtosha. Kama tumemsahau mtu, mlaumuni msomaji, ndiye mwenye makosa mengi leo.

Julien, mwanangu, mama yako hajui utavaa ipi, na hofu haijamtoka, lakini hatakupita tena sebuleni kwenda jikoni.

Pumzika kwa amani, Baba. Majiko yapo.