Mwalimu Buya, Zeu na Maziwa ya Mzee Sugow

Mwalimu Yeremia Buya anastaafu tarehe 30 Aprili 1998. Amefundisha miaka thelathini na moja, na ishirini na mbili kati ya hiyo amefundisha hapa Garissa, kwa hii shule yetu. Wale aliokuja nao mwaka wa 1976 wote walishaomba uhamisho. Yeye hajawahi kuandika hiyo barua hata moja.

Mwalimu mkuu alisema mimi dereva niandike, kwa sababu nimekaa na Mwalimu kwa gari kuliko mtu yeyote. Shule yangu iliishia darasa la nne, kwa hivyo naandika vile tunaongea.

Mwalimu ni Mpokomo wa Ngao, huko chini mtoni. Alifika na sanduku la mbao, baiskeli moja, na Biblia imefungwa kwa karatasi ya sukari. Anafundisha historia na dini ya Kikristo. Somo la dini lilikuwa na wanafunzi sita tu, watoto wa polisi na maafisa wa serikali. Lakini Alhamisi mchana, wakati wa usomaji, darasa lake lilijaa mpaka wengine wakakaa dirishani, na karibu wote walikuwa watoto Waislamu.

Walikuwa wanakuja kusikiliza habari za Zeu. Kwa vitabu vya msaada kulikuwa na kimoja cha hadithi za Wagiriki wa zamani, na Zeu ndiye alikuwa mkubwa wa miungu yao. Mwalimu alikuwa anapiga mstari katikati ya ubao. Upande huu, Mungu wa Biblia. Upande ule, Zeu. Halafu anauliza: huyu akikasirika anafanya nini, na yule je?

Siku moja ilikuwa habari ya moto. Zeu alificha moto ili watu wasipate, na yule aliyewaibia akafungwa kwa jabali, tai anamla ini kila siku. Upande wa pili, Adamu na Hawa wamekosa na wanafukuzwa, lakini kabla watoke Mungu mwenyewe anawatengenezea nguo za ngozi, anawavalisha. Msichana mmoja wa Ijara, Bilan Sugow, akasema, "Mwalimu, huyu Zeu ni mchoyo. Hata jirani mmegombana, akituma mtoto kuomba kaa la moto, unampa." Darasa lilicheka. Mwalimu hakucheka. Aliandika hayo maneno ubaoni, na jina la Bilan chini yake.

Mwalimu pia alikuwa anafuata watoto mpaka nyumbani. Ukame wa 1992 ulipomaliza ng'ombe, Bilan hakurudi shuleni, na sisi tukaenda Ijara kumtafuta. Babake, Mzee Sugow, alitupokea vizuri. Mkewe, Mama Hadiyo, akatuletea maziwa, na hiyo ilikuwa maziwa ya ng'ombe wawili waliobaki. Mimi nilikunywa. Mwalimu aliangalia watoto waliosimama pale, akasema, "Asante mama, mimi nimeshiba." Alisema kwa huruma, hata sauti yake ilikuwa ya huruma. Lakini niliona uso wa Mzee ukifunga kama mlango. Ningemwambia Mwalimu tukiwa njiani. Sikumwambia. Tulirudi na Bilan, nikafikiri imeisha.

Haikuisha. Machi 1993 Mzee Sugow aliingia ofisini na fimbo yake na wazee wawili. Kiti alikataa. Alikuwa amesikia kwamba shule inafundisha miungu ya sanamu. "Hiyo miungu itoke," alisema, "ama mimi natoka na msichana wangu leo." Wasichana wa kidato cha tatu walikuwa watano tu. Kila mtu pale alijua Bilan akienda, baba za wale wanne wanakuja wiki ijayo.

Mwalimu hakubishana. Alisema, "Mzee, nikuambie hadithi mbili, zote za wageni. Ukimaliza kusikia, uamue wewe."

Ya kwanza ilikuwa ya Zeu. Alijigeuza msafiri, akapita kijiji chote akiomba mahali pa kulala. Nyumba zote zilimfungia, isipokuwa mzee mmoja maskini na mkewe, waliotaka hata kumchinjia bata wao wa pekee. Zeu akawaokoa hao wawili, na kijiji kizima akakizamisha kwa maji.

"Anakuja amejificha kutafuta makosa ya watu," alisema Mzee Sugow. "Huyo ni askari kanzu."

Wale wazee wawili walicheka mpaka mmoja akakaa chini.

Ya pili ilikuwa ya Ibrahimu. Jua la saa sita, wageni watatu. Ibrahimu anakimbia mwenyewe kuwapokea, anamwambia mkewe akande unga, anachagua ndama laini, anawawekea siagi na maziwa. Wanakula, halafu wanamwachia habari ya mtoto atakayezaliwa. Mwalimu akasema huyu Mungu wa pili hatafuti makosa. Anatuma wageni kwa mtu, na wakitoka nyumba inabaki na kitu kizuri.

Hapo Mzee Sugow alikaa kwa kiti. "Maalim, hiyo hadithi tunayo," alisema. "Lakini kwetu hawakula. Walikuwa malaika. Ibrahimu, alayhi salaam, aliona mikono yao haifiki kwa nyama, akaogopa. Mgeni akikataa chakula, unajiuliza amekuja na nini." Alimwelekezea Mwalimu fimbo. "Na wewe ulikuja kwangu, hukunywa. Uliondoka na msichana wangu, na maziwa yangu ikabaki. Mwaka mzima najiuliza, huyu mtu amekuja na nini?"

Mwalimu alieleza habari ya watoto na ng'ombe wawili. Mzee akamwambia, "Hao watoto ni wangu, nitajua vile watakula. Wewe ungekunywa."

"Basi nilikosea," alisema Mwalimu. "Niombe maziwa sasa?"

"Sasa nina fimbo tu. Njoo Jumamosi."

Jumamosi tulienda. Mama Hadiyo alimpa kibuyu kimejaa, maziwa imekaa siku mbili na ina harufu ya moshi. Mwalimu alikunywa yote, akapanguza mdomo, akaomba ingine. Mzee Sugow akamwambia mkewe, "Mletee. Huyu si malaika." Jumatatu Mwalimu hakuonekana darasani, na sababu tunajua sote. Lakini Bilan alikuwa kwa dawati lake, na wale wanne pia. Alhamisi mstari ulirudi ubaoni.

Huyu ndiye mtu tunayemuaga. Mwaka huu wasichana wa kidato cha tatu ni thelathini na wanne. Maktaba ilikuwa sanduku mbili, sasa ni chumba na kufuli yake. Na mvua ya El Nino ilipoleta mto mpaka kwa uwanja Novemba iliyopita, wakati tunabeba vitabu, Ayanle wa kidato cha kwanza aliuliza, "Mwalimu, hii gharika ni ya Nuhu ama ya Zeu?" Mwalimu, maji iko magotini, akamjibu, "Hii ni ya mvua. Inua meza." Hakuna kitabu hata kimoja kililowa.

Bilan Sugow leo ni mwalimu huko Griftu. Ameandika kwamba atakuja kwa sherehe, na kwamba ubao wake una mstari katikati. Mzee Sugow hawezi kusafiri sasa, miguu inamsumbua. Lakini jana gari la miraa lilileta kibuyu kutoka kwake, na salamu: maalim anywe mbele ya watu wote, wajue hakuja na neno baya.

Mwalimu Buya, asante. Wengi hapa hatukukaa darasani kwako, lakini tulikuwa tunasikia. Mungu akupe afya, mihogo na samaki ya Ngao, na usingizi bila kengele. Siku moja utatuona kwa mlango wako, wageni wa jua la saa sita. Leta chochote ulicho nacho, hata kama ni kidogo. Hatutasema tumeshiba.