Kahawa ya Mheshimiwa Leong

Asubuhi hiyo benchi la nje ya mgahawa wa Mama Swee, kwenye kona ya soko la Batu Lampan, lilikuwa na watu watatu na gazeti moja. Gazeti alilishika Boon Hock, fundi saa mstaafu, ambaye mtaa mzima humwita Redio kwa sababu hazimiki. Kando yake alikaa Pak Deris, karani wa mahakama wa zamani, jina la kijiweni Jaji. Wa tatu ni Kanesan, dereva, ambaye kahawa yake ilikuwa inapoa bila kuguswa. Ukurasa wa mwisho wa gazeti ulikuwa na picha ya aliyekuwa bosi wake kwa miaka kumi na mmoja: Leong Kok Weng, mwalimu, mjumbe wa baraza la jimbo vipindi vitatu, amefariki juzi.

— Picha yenyewe ya zamani, — alisema Redio. — Ile ya mabango ya kampeni.

— Ya enzi tunamwamini, — alisema Jaji.

— Mimi nilimbeba mabegani! Mvua inanyesha, nimembeba kama bwana harusi.

— Halafu ukaja ukamtemea mate.

— Nani hakumtemea? Serikali tumeichagua wenyewe, yeye kahama chama. Kura yake moja tu, serikali chali!

— Alivuta mpunga, kahongwa, basi.

— Mpunga gani, Jaji? Mtu kafia chumba cha kupanga, paa linavuja! Walimfungia hotelini siku tatu, wakamnyima usingizi mpaka akasaini kuhama.

— Wapi! Alilishwa kitu kwenye tunda la durian. Hukuyaona macho yake kwenye televisheni?

— Sasa nikwambie ukweli. Yule hakuwa Leong. Leong wetu anaandika kwa kushoto, yule alisaini kwa kulia! Walituletea mtu wa kufanana naye.

Jaji alicheka mpaka akakohoa. Kanesan hakucheka.

— Alikuwa yeye, — alisema. — Mimi ndiye niliyempeleka kusaini.

— Haya, dereva kaamka.

— Njiani aliniambia nisimame pale shuleni, kwenye ule ukuta uliomwangukia mwalimu Zaharah walipolipua baruti machimboni. Akaniambia, "Kanesan, wenzetu wa chama nimewaomba miaka kumi wafunge yale machimbo, wananizungusha. Hawa wamesema nikihamia kwao, wanayafunga."

Jaji aliweka kikombe chini.

— Machimbo hayajafungwa.

— Najua.

— Jana tu wamelipua baruti. Glasi za Mama Swee zimecheza zote.

— Najua, Pak Deris. Na yeye alijua. Walimpa cheo cha mshauri, hakuna aliyemuuliza ushauri. Uchaguzi uliofuata hata mtaa wake mwenyewe ukamkataa.

— Miaka tisa umekaa na neno hilo?

— Niliacha kazi siku ileile, kwa hasira. Nyinyi mlinipokea kama shujaa. Ningesema nini?

— Na siku alipokuja hapa kofia mkononi, — alisema Redio, kwa sauti ya chini asiyoizoea, — si wewe uliyemwambia hapa pana mtu?

— Mimi.

— Na palikuwa wazi.

— Palikuwa wazi, Uncle Hock. Aliitikia kwa kichwa, akageuka, hata hajaagiza. Hakurudi tena.

Hapo ndipo mwanamke wa makamo, shati jeupe, kitambaa cha msiba kimebanwa begani, alipovuka barabara akiwa na chupa ya chai mkononi. Aliinamisha kichwa kwa heshima.

— Samahani, wazee wangu. Mimi ni Sze Min, binti wa Leong. Nimefika jana kutoka Singapore. Nyinyi ndio wa benchi, sivyo? Baba alinisimulia habari zenu kila Jumapili kwenye simu. Redio, Jaji, na Kanesan wake. Alisema mnakunywa kahawa pamoja kila asubuhi, nisiwe na wasiwasi, hayuko peke yake.

Kanesan alisimama, asijue amesimama kwa nini.

— Nataka nimwekee kikombe mbele ya jeneza, — alisema binti. — Alikuwa anakunywa ipi? Nyeusi, au ya maziwa?

Redio alimtazama Jaji. Jaji alimtazama Mama Swee mlangoni, na Mama Swee akatikisa kichwa kwamba hajui. Ndani ya gari, miaka yote ile, Kanesan alimwona akinywa maji ya uvuguvugu tu.

Binti alikuwa ameshafungua kifuniko. Aliishikilia chupa ikiwa wazi, akawatazama mmoja mmoja, akingoja.