Uso Mkavu Asubuhi ya Pasaka

Bwana asifiwe, ndugu zangu! Itikieni kwa nguvu popote mnaponisoma, maana ninalolisema leo nimelifungia kinywani muda mrefu, na limeniwasha kuliko chunusi zenyewe.

Mimi naitwa Anjelina. Shule sikufika mbali, basi mkikuta nimekosea kuandika nisameheni, msome mbele. Mama yangu alifariki ningali mdogo, akanilea shangazi hapa mtaani Ng'ambo, Unguja. Kazi yangu ni kushona vifungo na kukunja pindo kwa fundi mmoja karibu na Darajani. Nikishona naimba. Nikiimba naota kwamba siku moja sauti yangu itatoka kwenye redio, na shangazi atawaita majirani wote waje kusikiliza. Ndiyo, naota! Sabuni ina foleni, mchele una foleni, lakini kuota hakuna foleni.

Nilipofika miaka kumi na sita chunusi zikanivamia. Paji la uso, mashavu, mpaka kidevuni, nyingine zimeiva usaha. Bombani wasichana wenzangu walinicheka: "We Anjelina, hiyo hamu ya mume hiyo! Mwambie shangazi akuoze, kesho zishakwisha!" Nami nilicheka nao, nikajitwika ndoo yangu, nikifika nyumbani nalia.

Ya bombani niliyaweza. Ya kanisani ndiyo yaliyonivunja.

Mwaka jana, kabla ya Kwaresima, mwalimu wa kwaya alinichagua niimbe peke yangu ubeti wa kwanza asubuhi ya Pasaka. Mimi! Nilirudi nyumbani siioni njia kwa furaha. Kumbe nyuma yangu maneno yanapita. Wengine walisema uso wa namna ile ni alama, msichana huyu ana dhambi ya siri, akiungama atatakata. Mama mmoja aliniwekea mikono kichwani, akaomba kwa machozi niitaje dhambi hiyo. Ndugu zangu, niliitafuta! Siku tatu nzima niliitafuta. Nikakuta nilishawahi kula maandazi mawili ya shangazi bila kumwambia. Nikaungama maandazi. Chunusi zikabaki pale pale.

Mwalimu akaniita pembeni. "Dada Anjelina, kaa safu ya nyuma kwanza. Ukitakata, ubeti ni wako."

Hapo nikaingiwa na wazimu. Nilijisugua kwa dodoki na sabuni ya mche, nikajibinya kwa kucha, nikajipaka ndimu. Wapi! Ndipo nikaikumbuka chupa ya mafuta ya karafuu. Kwetu Unguja nani asiyeyajua? Jino likiuma, karafuu. Tumbo likisokota, karafuu. Nikajiambia, kinachotuliza jino kitashindwaje na chunusi? Nikajipaka uso mzima, sikuchanganya na kitu.

Moto! Ulikuwa moto, ndugu zangu! Kesho yake uso ulivimba, ngozi ikabambuka mabaka mabaka. Walioniona wakatikisa vichwa: "Mkono wa Mungu huo." Jamani! Ulikuwa mkono wangu mimi na chupa ya karafuu!

Nikaacha kwenda kwaya. Nikaacha hata kuimba kazini. Yule fundi akaniuliza kama nina msiba.

Katika ua wetu anakaa Bi Mize, mwanamke wa Tumbatu, kazi yake kuwasinga maharusi, kuwasugua mwili kwa manukato, na kuwapamba. Alinikuta uani nimejifunika kanga gubigubi, akaifunua.

"Yarabi! Mwanangu, nani kakukaanga hivi?"

"Mimi mwenyewe, Bi Mize."

"Na haya yanayong'ara juu yake?"

"Mafuta ya nazi. Shangazi kanipaka."

"Kwenye moto mwaongeza mafuta! Huu uso au karai la maandazi?"

Nikacheka, na kucheka kukaniuma.

Nanyi mnajua desturi yetu. Mtoto hatoki nje na uso mkavu, watasema hana wenyewe. Kila asubuhi shangazi alinipaka nazi nyweleni na usoni mpaka natiririka, kwa kuogopa isisemwe kwamba mtoto wa marehemu halelewi. Yalikuwa mapenzi yake. Lakini Bi Mize alinipitisha kidole pembezoni mwa nywele, pale mafuta yanaposhukia, na pale ndipo chunusi zilipojazana kuliko kokote.

Akaniachisha vyote: ndimu, dodoki, kucha, na nazi usoni. Nioshe uso kwa maji baridi asubuhi na jioni, kwa viganja tu, nikaushe kwa kitambaa safi. Foronya na kilemba nivifue kila mara. Palipoungua alinipaka ute mweupe wa mshubiri, baada ya kuyamwaga yale maji yake ya manjano machungu. Ngozi ilipofunga, ndipo akanisagia liwa, ule mti wa kunukia, kwa maji, akanipaka mara mbili kwa wiki. "Na usiwe na haraka," akaniambia. "Hata bibi harusi hasingwi siku moja."

Jumapili ya Pasaka ikafika. Shangazi akaja na kichupa chake mkononi.

"Utakwenda kanisani mkavu kama jivu? Watu watasema nakunyima mafuta!"

Nikamshika ule mkono, maana nampenda. "Shangazi, watu wameshasema. Nywele nipake, uso niachie."

Akanitazama sana. Akanipaka nywele.

Mlangoni mwalimu alinikagua. Mabaka yalikuwapo, na chunusi kadhaa. "Bado hujapona, dada."

"Sijapona, Mwalimu. Lakini nimefunguliwa! Safu ya nyuma sirudi."

Nikaenda nikasimama mbele. Angeweza kuniondoa. Akainua mkono, nikaimba. Sauti ilitetemeka neno la kwanza. La pili haikutetemeka. Nilimwona shangazi akilia, kaushika uso wake kwa mikono miwili.

Wapo wanaonong'ona kwamba nimetibiwa na mwanamke asiyesali kwetu. Naam, nimetibiwa naye! Nilimwomba Mungu msaada, akamleta Bi Mize na jiwe lake la kusagia liwa. Mimi nani hata nimrudishe?

Leo ninazo tatu kidevuni. Zihesabuni mkiniona. Namshukuru Mungu kwa ngozi iliyopoa, na zaidi kwa shingo iliyonyooka.

Nawe dada yangu, nawe kaka yangu unayeinamisha uso, usiungame dhambi usiyoitenda. Osha uso wako, mtumaini Mungu aliyeuumba, uje usimame nami huku mbele. Nafasi ipo tele. Anayetaka kututazama, na atutazame!