Okestra Nzima Juu ya Jino Moja

Mheshimiwa mgeni rasmi, uliyefika mapema kuliko sisi tuliokualika. Mwenyekiti wa bodi ya ukumbi huu na wajumbe wako wote, hata wale wawili walioanza kusinzia. Mwalimu, kiongozi wa okestra yetu. Wapigaji wa nyuzi, wa ngoma na wa vile vyombo vya kupuliza ambavyo mpaka leo sijui vinashikwa upande gani. Dada Mkubwa, shikamoo. Na wewe Mzee Mashavu, mwenye shughuli, unayenitazama kutoka kiti cha mbele kana kwamba nimekukanyaga mguu. Wageni waalikwa, mabibi na mabwana, nawasalimu nyote.

Meneja wa ukumbi aliniambia, "Sema dakika tano, washa mtambo, kaa." Nikamwuliza kwa nini niseme mimi. Akajibu, "Kwa sababu waliosoma wote wamekataa." Basi ndiyo mimi huyu, fundi wa mitambo. Shule tuliachana njiani, kwa amani, hakuna aliyemdai mwenzake talaka. Lakini nipeni nyaya thelathini na nane zilizosokotana kama nywele za mtu aliyeamka sasa hivi, niambieni ipi inaelekea wapi, nitawaambia nikiwa nimefumba macho. Masikio haya mawili hayana mwenzake katika mji huu. Mwamba ngoma huvutia kwake, najua, lakini nani mwingine angenivutia?

Hata hivyo leo nimechoka, na nasema hivyo si ili mnihurumie. Wimbo mmoja nimeusikiliza zaidi ya mara mia tatu. Nimefika mahali mlango ukilia nyumbani najua umelia katika nota gani. Mwalimu naye amechoka, mtazameni macho. Mzee Mashavu amechoka kuliko sisi sote, na uchovu wake ndio ulionileta mbele yenu.

Santuri mliyoishika mikononi ilirekodiwa humu humu, Jumapili moja alasiri, mbele ya watu: tarumbeta moja, okestra ya watu hamsini na wawili, waimbaji waalikwa watatu, nyimbo tisa. Wengi wenu mlikuwepo. Mlipiga makofi, mkaenda zenu, mkaambiana njiani kwamba mambo yalikwenda vizuri. Je, mnajua yalikwendaje?

Wiki mbili kabla ya siku ile Mzee Mashavu alikwenda kwa daktari wa meno. Jino la juu, la mbele, lilikuwa linacheza kama mguu wa kiti kibovu. Daktari akataka kuling'oa palepale. Sasa ninyi ambao meno mnayatumia kutafunia tu, hamtaelewa. Mpiga tarumbeta huegemeza mdomo wake kwenye meno ya mbele kama mpaka rangi anavyoegemeza ngazi ukutani. Ukibomoa ukuta, ngazi itasimama wapi, na mpaka rangi atakuwa mgeni wa nani?

Mzee akamwambia daktari, "Nipe wiki mbili."

"Jino halijui kalenda, Mzee."

"Basi usiliambie."

Hakumwambia Mwalimu. Hakumwambia Meneja. Mimi nilijua kwa sababu nilisikia: siku ya mazoezi sauti ilikuwa inavuja pembeni, kidogo sana, kama tairi lililochomwa na mwiba. Nikamfuata chumba cha kubadilishia nguo.

"Mzee, kuna kitu mdomoni mwako."

"Kuna ulimi. Na wewe unao. Ufunge."

Nikaufunga. Nilijua anachokitaka. Kulikuwa na wimbo wa tisa, wa mwisho, alioutunga kwa miaka kumi na moja akiufuta na kuuandika upya. Haukuwa umerekodiwa popote. Jino likitoka kabla yake, wimbo ungebaki kwenye karatasi, na karatasi haipulizi. Kwa hiyo Jumapili ile mlipoona suti nyeusi zimejipanga jukwaani, fidla zinang'aa, Mwalimu ameinua mikono kama mtu anayetaka kuruka, kumbe okestra nzima ilikuwa imekaa juu ya jino moja, na jino lenyewe linacheza.

Sasa nije kwenye aibu yangu. Msinipigie makofi hapa.

Wimbo wa nne aliimba Dada Mkubwa. Tunamwita Dada Mkubwa sote, hata wenye umri wa baba yake. Zamani, mimi sijawa hata wazo, alikuwa akiimba katika bendi ya Mzee Mashavu. Wakagombana. Kisa? Kila akikaribia mwisho wa ubeti, Mzee alikuwa anamwingilia na tarumbeta, anampulizia juu ya maneno yake. Siku moja akaweka maikrofoni chini, akaondoka, na miaka ishirini hakupanda naye jukwaa moja. Kwa siku ile alikubali kuja kuimba wimbo mmoja tu. Akaimba, mkasimama mkashangilia, naye akaenda kukaa nyuma ya besi kubwa, akavua viatu, akaomba maji.

Na mimi, katika chumba changu cha mitambo, nikatia alama kwenye orodha: Dada Mkubwa, amemaliza. Nikaona maikrofoni yake, bora kuliko zote tulizonazo, imesimama bure. Nikajiuliza, fundi mwenye akili angefanya nini? Nikampigia mtu wa jukwaani wakati wa mapumziko: "Ile ya Dada Mkubwa ihamishie kwenye kinubi." Kinubi kina sauti ya chini, nikataka kisikike. Nilijipongeza. Nilikunja miguu kama profesa. Ila sikutazama jambo moja dogo: katika wimbo wa tisa, kinubi hakikuandikiwa hata nota moja.

Wimbo wa tisa ukaanza. Dakika kumi Mzee alipuliza kama anayesimulia jambo kwa mtu mmoja tu. Dakika ya kumi na moja jino likakubali yaishe, ingawa halikung'oka. Mimi sikusikia nota mbaya. Ningesikia mbaya ningeshukuru. Nilisikia hakuna kitu. Nikatazama kwenye kioo cha chumba changu, nikaona Mzee ameshusha tarumbeta mpaka kwenye paja, leso nyeupe ipo mdomoni, si nyeupe tena. Mgongo wa Mwalimu ukakakamaa, lakini mkono wa kushoto ukaendelea, kwani angefanyaje? Okestra ya watu hamsini na wawili haina breki. Fidla zikawa zinamsindikiza mtu ambaye hayupo.

Ndipo Dada Mkubwa akafungua kinywa. Akiwa amekaa. Wimbo hauna maneno, naye hakuyatafuta; njia yake alikuwa ameisikia mazoezini. Akaingia palepale tarumbeta ilipokuwa imeachia, akainuka, peku, akasogea mbele hatua mbili tatu, akaufikisha mwisho.

Ninyi mlidhani imepangwa! Niliwaona mnafutana machozi. Mimi nilikuwa natazama taa ya waya wake wa mwanzo kwenye mtambo, nasubiri ipande, haipandi. Nikakumbuka maikrofoni yenyewe iko kwenye waya wa kinubi. Nikasema neno ambalo mbele ya mgeni rasmi siwezi kulirudia.

Sisi watu wa kurekodi tuna desturi. Watazamaji wakishatoka, wapigaji hubaki, wakarudia vipande vilivyoharibika, nasi baadaye tukavishona mahali pake. Tunaita kutia kiraka. Siku ile walibaki, lakini walibaki kama nguo zilizosahauliwa kwenye kamba. Mmoja wa fidla alilala ameshika upinde. Mzee alikuwa ameinama kwenye ngazi za jukwaa, Mwalimu ameweka mkono begani kwake. Nikamwendea Dada Mkubwa, yuko anavaa viatu.

"Dada Mkubwa, naomba urudie pale pa mwisho."

"Nirudie nini?"

"Ulivyoimba."

"Mimi sikuimba, mwanangu. Nilimdaka mtu anaanguka. Ukitaka nimdake tena, kamwangushe kwanza."

Akachukua mkoba wake, akatoka.

Kesho yake nilimwambia Mzee ukweli. Nilitegemea matusi, nilikuwa nimeyaandalia hata majibu. Hakunitukana. Alisema, "Kama mwisho haupo, basi jino halitoki. Tutaurudia." Lakini okestra haikupatikana mpaka baada ya miezi miwili, na Mzee akaamua kuingoja na jino lake lile lile. Shavu likavimba mpaka jina letu la utani likawa si utani tena. Akawa anakunywa supu kwa mrija. Siku moja mkewe alikuja chumba cha mitambo, akasimama mlangoni hata hakukaa.

"Wewe mtoto, mume wangu analala ameketi. Ana homa. Daktari anasema usaha ukipanda juu zaidi hatujui. Mnasubiri nini?"

Ningemwambia nini? Kwamba tunasubiri ujanja wangu? Mama, upo hapa leo, nami nakuomba radhi mbele ya watu, maana siku ile nilijifanya nafunga waya.

Nikafanya kazi kama mtu anayekimbizwa. Nikafungua maikrofoni moja moja, nikitafuta sauti ya Dada Mkubwa ilikodondokea. Kwenye fidla, alisikika kama mtu wa nyumba ya tatu. Kwenye ngoma, kama redio ndani ya sanduku. Nikafungua thelathini na saba. Ya kinubi sikuifungua. Sababu ya kwanza, hakikupigwa. Sababu ya pili, nilikuwa naona haya hata kuitazama. Mpaka asubuhi moja, macho mazito, kidole nacho kimekata tamaa kikabonyeza chenyewe.

Mabibi na mabwana, alikuwamo. Kumbe zile hatua zake mbili tatu zilimleta karibu kabisa na kinubi. Yumo mzima, pumzi na kila kitu. Na kumzunguka yeye kulikuwa na kitu kingine, kama watu wengi wanaitikia kwa midomo iliyofungwa. Nikampigia simu mpiga kinubi.

"Ule wimbo wa mwisho, uligusa?"

"Sikugusa. Mikono ilikuwa magotini."

"Mbona kinalia?"

"Mtu akiimba karibu nacho, nyuzi huitikia zenyewe. Ndiyo maana tukikaa bila kupiga tunatakiwa kuzizima kwa viganja." Kisha akasema, "Nilikuwa nimechoka. Niliziacha. Usimwambie Mwalimu."

Mwalimu, nisamehe, imenitoka.

Ningependa sana kuwaambia kwamba nilikusudia. Jana nilijaribu kumwambia hivyo mchumba wangu, akacheka mpaka akashika ukuta. Sikukusudia. Mimi nilikosea kwa majivuno, mpiga kinubi akakosea kwa uchovu, na makosa yetu mawili yakakutana mahali pamoja na kufanya kazi ambayo akili zetu zote zisingeiweza.

Mzee akaja siku ile ile, amejifunga kitambaa tangu kidevuni mpaka utosini. Nikamvalisha hedifoni polepole, maana shavu halikutaka kuguswa. Akasikiliza. Akaonyesha kwa kidole: tena. Akasikiliza tena. Mara ya tatu hakuomba. Alivua hedifoni, akatazama swichi zangu kama mtu anayetazama mvua, halafu akasema, kwa shida, neno moja moja:

"Miaka yote ile. Sikuwahi kumsikia akimaliza."

Akatoa simu mfukoni, akampigia daktari wa meno kumwuliza kama bado yupo kazini.

Jino lilitoka alasiri ile. Homa ikaisha kwa wiki. Daktari amemtengenezea jingine, zuri, linafaa kwa picha na kwa mahindi laini, lakini si ukuta wa kuegemeza ngazi. Wote tunajua, hata kama hatulisemi.

Na hapo, Mwenyekiti, ndipo ninapokuomba, kwa heshima zote, usije ukanifukuza kazi kabla ya chakula. Katika ratiba hii mliyochapisha, kifungu cha saba, imeandikwa kwamba Mzee ataombwa apige japo kidogo. Nimeiona pia tarumbeta yake pale mezani, mmeisugua, mmeizungushia maua. Nia yenu ni njema. Lakini nimemwona alivyoitazama alipoingia, halafu akachagua kiti ambacho akikaa haioni. Nyote mnampenda, na mtu mnayempenda akiombwa na ukumbi mzima hawezi kukataa. Atasimama, atajaribu, na mtakwenda nyumbani na sauti ile badala ya hii. Kwa nini tumfanyie hivyo? Naomba kifungu cha saba tukiruke. Asimame tu akitaka kwenda kunywa maji.

Mgeni rasmi, asante kwa kuja. Mwalimu na okestra yako, asanteni kwa kubaki siku ile mkiwa mmekwisha. Dada Mkubwa, asante, na jina lako liko juu ya jalada, herufi sawa na za Mzee; aliyezipima kwa rula ni yeye mwenyewe. Nanyi nyote, asanteni kwa kunivumilia mtu nisiye na cheti hata cha kuogelea.

Wimbo wa tisa sasa nauwasha. Anayetaka kukohoa, akohoe sasa hivi.