Marehemu Florence Anena na Pudini Aliyoipeleka Makindye

Marehemu Florence Anena alizaliwa Kitgum tarehe 9 Juni 1966, mtoto wa kwanza wa Sajini Ojera na Mama Veronika. Baba yake alipohamishiwa Kampala mwaka 1970, familia ilikuja kukaa kwenye nyumba za polisi, Naguru. Majirani walitoka kila pembe ya nchi, kwa hiyo Kiswahili kikawa lugha ya uani.

Mama Veronika alikuwa mpishi kwenye mesi ya maofisa, na huko ndiko alikojifunza pudini ya ndizi. Kila Krismasi aliipanga nyumbani katika bakuli la kioo: biskuti chini, vipande vya bogoya, zile ndizi tamu, juu yake, kastadi ya moto, halafu biskuti tena, mpaka bakuli lijae. Kisha iliachwa itulie hadi biskuti zilainike. Mwaka mmoja Florence, akiwa bado mdogo, aliwekwa kuilinda. Sajini Ojera akaja na kijiko.

"Mama amesema mtu asiguse," Florence akamwambia.

"Hata mimi?"

"Wewe ndiye amekutaja."

Mzee aliisimulia habari hiyo mpaka mwisho wa maisha yake.

Florence alisoma shule ya msingi hapo hapo Naguru, akamaliza kidato cha nne mwaka 1984, kisha akasomea upishi. Kuanzia 1988 hadi alipostaafu mwaka 2021 alipika katika kantini ya polisi. Mama Veronika alipofariki mwaka 1999, Florence aliendelea na pudini ile, si Krismasi tu bali kila Jumapili. Alipokuwa akipanga biskuti alizungumza Kiacholi taratibu, kana kwamba mama yake amesimama kando ya jiko. Sisi watoto tulijua kwamba wakati huo hatuingii.

Tarehe 12 Desemba 1992 alifunga ndoa kanisani na Bwana Ocira, dereva wa polisi. Walijaliwa watoto watatu. Msimamizi wake siku hiyo alikuwa Joska, rafiki waliyelelewa naye mlango kwa mlango.

Kuna jambo ambalo wengi hapa mnalijua nusu, na familia imekubaliana lisomwe lote. Agosti 2013, Bwana Ocira alimwomba marehemu apike pudini kubwa kwa ajili ya kwanjula ya mkubwa wake kazini, yaani siku ya bwana harusi kutambulishwa ukweni. Marehemu alifurahi. Joska alikuja asubuhi kumsaidia. Walikata ndizi pamoja, wakacheka, wakamkumbuka Mama Veronika. Joska akaaga mapema, akisema ana mgonjwa wa kutazama.

Kijana aliyetumwa kuchukua bakuli hakutokea. Jua lilikuwa kali, na marehemu akahofia kastadi itaharibika. Akapanda bodaboda, bakuli mapajani, akaenda mwenyewe hadi Makindye kwenye nyumba aliyoisikia ikitajwa kwenye simu. Chini ya hema alimkuta Bwana Ocira amevaa kanzu na koti, ameketi mahali pa bwana harusi. Nyuma yake, kati ya wasindikizaji wake, aliketi Joska katika vazi jipya la gomesi.

Watu walimdhania mpishi, wakampokea bakuli. Mama wa bibi harusi alionja, akasifu, akauliza: "Hii kitu tamu namna hii mumetoa wapi?"

Bwana Ocira akajibu, "Tumenunua tu mjini."

Marehemu alikuwa bado amesimama. Akasema, "Hapana, mama. Hii nimepika mimi. Mimi ni bibi yake, tulifunga ndoa kanisani. Huyo dada nyuma yake ndiye alinisimamia, na leo asubuhi amenisaidia kukata ndizi."

Hakutukana mtu. Alimwangalia Joska, Joska akainamisha macho, naye marehemu akatoka. Bakuli hakulidai.

Mwezi huo huo alituhamishia Kyaliwajjala, kwenye kiwanja alichoachiwa na baba yake. Bwana Ocira alikuja na wazee mara mbili; marehemu aliwapa chai, lakini jibu lake halikubadilika. Tangu siku ile hakupika pudini tena. Tulipomwomba alisema, "Hiyo walinila nayo." Kilichomuuma zaidi, alituambia, ni kile kicheko cha asubuhi jikoni.

Mwaka 2022 aligunduliwa kuwa na saratani ya ini. Aliugua kwa uvumilivu. Siku moja Joska alifika hospitali, akapiga magoti, akalia. Mama alimsikiliza hadi mwisho, akamshika mkono, akamwambia: "Nimekusikia, Joska. Lakini bado sijapona." Sote tulielewa kwamba hakuwa akisema habari za ini. Alifariki Jumanne, tarehe 5 Machi 2024, mikononi mwa binti yake Amony, anayesoma maneno haya.

Desturi ingetaka tumpeleke kijijini kwa akina Ocira. Mwenyewe alikataa, akaomba alazwe hapa Kyaliwajjala, kando ya baba na mama yake.

Marehemu ameacha watoto watatu, Amony, Oyella na Komakech, pamoja na wajukuu wanne. Bwana Ocira yuko nasi leo, na alituuliza ataandikwaje. Mama alikuwa ameshatuagiza: "Mwandikeni baba wa watoto wangu. Msiandike mume." Basi, ameandikwa hivyo.

Mungu amlaze Mama Florence mahali pa amani, kati ya watu wasiomficha neno.