Waya wa Bi Atuganile

Wasikilizaji wapendwa, poleni na kazi za mchana. Leo sisomi salamu. Leo namkumbuka msikilizaji mmoja, Bi Atuganile wa Temeke, aliyefariki juma lililopita kwa homa. Wengi wenu wa mtaa ule mlinisikia kwa mara ya kwanza nyumbani kwake.

Bi Atuganile alizaliwa Tukuyu, kwenye mvua nyingi na radi nyingi. Radi ilimuua dada yake shambani, wote wawili wakiwa wasichana. Hakupenda kusimulia habari hiyo. Aliolewa na Bwana Elinaza, karani wa bandarini, wakahamia Temeke. Mwaka hamsini na mbili walinunua redio ya betri. Mtaa mzima redio ilikuwa hiyo moja. Jioni watu walijaa ndani, wengine dirishani.

Redio ile ilikuwa na waya uliopanda mpaka juu ya mlingoti wa mwanzi. Bi Atuganile akataka na njia ya radi kushuka ardhini. Basi Bwana Elinaza alipigilia bomba la chuma nyuma ya nyumba, pale maji ya kuogea yanapomwagika. Mchanga wa Temeke hukauka upesi, na radi hutaka udongo wenye maji. Wingu likijikusanya, radi ikiwa bado mbali, Bi Atuganile aliuchomoa waya wa mlingoti kwenye redio, akautoa nje, akaufunga kwenye bomba. Hata kama taarabu imekolea. Watu walinuna!

"Mama Benedicta, si uifunike kanga tu?" jirani yake Mwajabu alimwambia. Mnajua wenyewe, mvua ikinguruma tunafunika vioo, na redio nayo ina kioo chake.

"Mama Mfaume, radi haioni haya ikakuta kanga ikarudi," alijibu. "Inafuata waya."

Sasa, Mwajabu alikuwa na mwana, Mfaume, aliyekwenda kwenye mkonge Tanga. Mama yake hakuwa amesikia neno lake tangu aondoke. Siku moja msafiri akamwambia: Mfaume ametuma salamu redioni, zitasomwa leo alasiri. Mwajabu aliwahi, akakaa sikio likigusa redio. Msomaji nilikuwa mimi.

Wingu likapanda upande wa Pugu. Ikasikika ngurumo, mbali sana. Bi Atuganile akachomoa waya.

"Kidogo tu, jamani!" Mwajabu alisema. "Bado kidogo wamtaje!"

Bi Atuganile alikwenda nje, akaufunga waya, akarudi ndani.

"Roho mbaya wewe! Wewe watoto wako wote wako hapa!"

Binti yake, Benedicta, ndiye aliyenisimulia yaliyofuata. "Mama Mfaume aliikumbatia redio na kanga yake, analia. Haikupita muda, radi ikapiga. Mlingoti ulipasuka mpaka chini. Udongo wa pale kwenye bomba uliungua. Yeye tulimkuta bado ameikumbatia, mzima. Na redio nzima."

Lakini salamu Mwajabu alikuwa hajazisikia. Kesho yake yeye na Bi Atuganile wakaja hapa kwetu redioni, kwa miguu kutoka Temeke. Niliitwa mlangoni.

"Shikamooni, mama zangu."

"Marahaba. Binti, jana nilikuzima ukiwa katikati ya maneno," alisema Bi Atuganile. "Mmalizie huyu."

Nilikuwa bado nakumbuka. Nikamwambia: Mfaume yu mzima. Anamsalimu mama yake. Atakuja Idi.

Mwajabu alikaa chini pale pale ngazini. Bi Atuganile akamfuta machozi kwa pindo la kanga. "Unaona? Hapa ndipo kanga inafaa."

Bwana Elinaza, Benedicta, na ndugu wa Tukuyu, poleni sana. Mungu amlaze pema. Msibani Bwana Elinaza aliniambia, "Mimi siwezi hata kuugusa ule waya. Mama Mfaume ndiye anayeufunga siku hizi."

Wasikilizaji wapendwa, mtazame waya wa nyumbani kwenu. Unashukia wapi? Na nani amekaa karibu na redio? Nikitazama dirishani naona Pugu kumekuwa kweusi. Ukisikia ngurumo, usiningoje nimalize.